Moyo Ukiwaka Kwenye PET Si Lazima Iwe Saratani

"Daktari, moyo umewaka, basi saratani imeshafika moyoni." Kauli hii imetuchosha hapa Dar, na picha ya PET-CT (kipimo kinachoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi) iliyozua hofu mara nyingi iliharibikia jikoni, yaani kwenye chakula.

Dawa inayochomwa kabla ya PET-CT ni sukari yenye mionzi. Saratani huila kwa pupa, lakini misuli ya moyo nayo huila, hasa ukiwa umekula wanga. Ukuta wa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) ukiwaka wote kama pete, kwa kawaida ni moyo wenyewe unakula. Kinachotutia shaka ni doa lililojitenga, au utando wa moyo unaowaka.

Kufunga kwa muda wa saa sita kunatosha kwa ini na mapafu, si kwa moyo. Anayechunguzwa moyo ale siku moja kabla ya kipimo milo miwili ya mafuta na protini: mayai ya kukaanga, samaki, nyama. Ugali, wali, chapati, ndizi, maharage, matunda, maziwa na soda aviache kabisa. Kisha akae bila kula kwa muda usiopungua saa 12, maji tu. Watu hufunga vizuri usiku kucha, asubuhi wakanywa chai ya sukari, "si chai tu?" Hapana! Chai hiyo huamsha insulini, na insulini ndiyo huingiza sukari kwenye misuli. Mwenye kisukari aseme mapema, anapopewa miadi. Aliyelazwa aulize kama dripu yake ina deksitrozi, yaani sukari.

"Eko ni safi, yamekwisha." Eko, yaani ultrasound ya moyo, ni kipimo cha kuanzia na huona maji kwenye utando vizuri sana, ila uvimbe uliojificha ndani ya ukuta wa moyo unaweza kuipita. Shaka ikibaki, fanya MRI ya moyo (picha ya sumaku) yenye kontrasti, dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa. Hiyo pia hutenganisha uvimbe na bonge la damu, kwa kuwa bonge halina mishipa na halipokei kontrasti. Waliowekewa katheta (mrija) ya kemo wanaweza kupata bonge kwenye atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, likadhaniwa saratani.

"Maji kwenye moyo ni TB." Huenda. Yavutwe, yapimwe TB na seli za saratani pia. Seli zisipoonekana, bado huwezi kusema hakuna saratani.

ECG? Hiyo husoma umeme wa moyo, haipigi picha.

Na mwenye saratani ya mapafu, ya matiti au limfoma (saratani ya tezi za limfu) akianza kubanwa pumzi, asisubiri tarehe ya PET. Afanyiwe eko siku hiyohiyo.