"Nilichungulia tu": kosa linaanzia wapi?

Wengi huamini kwamba ukiingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, ukasoma ukatoka bila kunakili wala kuharibu chochote, hujavunja sheria. Si kweli, na imani hii ni ya hatari.

Tatizo ni kuchanganya sheria mbili. Hakimiliki hulinda kazi ya ubunifu: maandishi, picha, hata msimbo wa programu. Taarifa tupu haizilindi. Mwaka 1991, katika kesi ya Feist, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba orodha ya kawaida ya majina na namba za simu haina hakimiliki. Basi mtu husikia hivyo akadhani data ni mali ya yeyote anayeifikia.

Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta haikuulizi umechukua nini. Inakuuliza nani alikuruhusu kuingia. Uingereza iliitunga baada ya mwaka 1988, majaji walipowaachia watu wawili waliojipenyeza kwenye Prestel, huduma ya taarifa na ujumbe wa kompyuta kupitia simu, hadi kisanduku cha ujumbe cha Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II. Sheria ya kughushi iliyotumika kuwashtaki haikuwabana. Sheria ya 1990 ikaziba pengo hilo.

Chukua nywila iliyobandikwa pembeni mwa skrini ya mwenzako. Ukiiandika na kubonyeza kitufe huku ukijua huna idhini, hata mfumo ukikukatalia, chini ya sheria hiyo kosa limeshatendeka. Ukifanikiwa, ukanakili na ripoti aliyoiandika, hakimiliki nayo inakusubiri.