Zimbabwe Kuu haikujengwa na wageni

Wapo wanaodai hadi leo kwamba kuta za Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale wa mawe karibu na mji wa Masvingo nchini Zimbabwe, ni kazi ya Wafoinike (watu wa kale wa pwani ya Lebanoni) au ya Malkia wa Sheba. Si kweli. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch aliona boriti ya mlangoni, akaidhania mwerezi wa Lebanoni, na hivyo kazi ya wageni. Ulikuwa mti wa huko huko. Uchimbaji wa wanaakiolojia David Randall-MacIver (1905) na Gertrude Caton-Thompson (1929) ulithibitisha kuwa wajenzi ni Waafrika, mababu wa Washona, watu wa Zimbabwe ya leo.

Tazama ujenzi wenyewe. Matale (mawe ya granaiti) hubanduka yenyewe kwa mabamba jua linapoupasha mwamba na usiku kuupoza. Mafundi waliharakisha kwa moto, kisha wakapanga vipande bila chokaa wala udongo. Ukuta wa nje wa Boma Kuu, jengo kubwa zaidi la hapo, una mzunguko wa mita 250 hivi na kimo kinachofikia mita 11. Kwa kuwa hakuna kinachoyagandisha mawe, usiupande: jiwe moja likichomoka, ya juu yake hulegea. Ukizuru, anza na magofu ya kilimani asubuhi, kabla ya jua kali.

Wageni walifika, ndiyo, lakini kama wafanyabiashara: sarafu ya Kilwa imepatikana hapo.