Kuunga Mshipi na Lida: Fundo Huharibikia Kwenye Kukazwa

Mvuvi akinijia kulalamika kwamba samaki mkubwa amemkatia mshipi, swali langu la kwanza huwa lile lile: hebu nione ncha iliyobaki. Ncha haidanganyi. Ikiwa imejikunja kama springi ya kalamu, uzi haukukatika. Fundo lilifunguka polepole, uzi ukachomoka, samaki akaenda zake. Ikiwa imekatika safi, kama iliyopitiwa na wembe, huenda ilikutana na mwamba au jino. Na ikiwa imekwaruzika, ina weupe na imesinyaa kidogo, fundo hilo lilikuwa limeshaungua hata kabla ya ndoana kugusa maji.

Nimefundisha zana za uvuvi kwa miaka mingi. Ncha nyingi nilizoonyeshwa ni za aina ya kwanza na ya tatu. Maana yake ni kwamba samaki tunamsingizia tu.

Lida, kwa asiyeizoea, ni kipande cha uzi kinachokaa kati ya mshipi mkuu na ndoana. Siku hizi wanaovua kwa rodi (fimbo ya kuvulia) wengi hutumia mshipi mkuu wa kusukwa, uliotengenezwa kwa nyuzinyuzi za polithini. Ni mwembamba ukilinganisha na nguvu zake na hauvutiki, hivyo samaki akidonoa tu mkono unajua. Ubaya wake ni kwamba unaonekana majini na unakwanguliwa upesi na mawe. Ndiyo maana mbele yake tunaweka lida ya nailoni au ya fluorokaboni. Fluorokaboni hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.42 hivi, karibu na maji yenye 1.33, wakati nailoni iko kwenye 1.53. Kwa hiyo fluorokaboni haijitokezi sana mbele ya macho ya samaki. Pia ni nzito kuliko maji, inazama, polithini huelea.

Sasa tazama kinachotakiwa kuungwa. Upande mmoja kuna uzi laini, mwembamba, unaoteleza kama mkunga. Upande wa pili kuna uzi mnene, mgumu, unaotaka kurudi kwenye umbo lake. Ukizifunga kwa fundo la kawaida la kamba, ule laini utachomoka au utaukata ule mgumu. Mafundo yote mazuri ya kazi hii yana hila moja: kuuzungusha uzi laini mara nyingi ili ushike kwa msuguano, na kuukunja uzi mgumu kidogo iwezekanavyo.

Kabla ya kutaja mafundo yenyewe, niseme juu ya kukaza, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mizunguko ikibanwa, nyuzi husuguana, na msuguano huzaa joto. Nailoni hustahimili zaidi ya nyuzi joto 200 za Selsiasi ndipo iyeyuke, lakini polithini huyeyuka chini ya 150. Kukaza kwa pupa kukiwa kukavu kunatosha kuuumiza uzi mahali ambapo jicho halioni. Kwa hiyo lowesha kwanza, kwa maji au kwa mate. Vuta polepole, ukiangalia mizunguko ikijipanga ubavu kwa ubavu kama waya kwenye koili. Mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwenzake, simama. Fungua, anza upya. Najua inaudhi, hasa samaki wakiwa wanaruka mbele yako. Mimi mwenyewe niliwahi kukaza kikavu mbele ya darasa zima kwa sababu ya haraka, nikavuta kuwaonyesha ubora wa fundo langu, likaachia "pwa!" Somo siku hiyo lilieleweka vizuri kuliko siku nyingine yoyote.

Anayeanza namshauri ashike fundo moja tu, uni maradufu. Laza ncha ya mshipi na ncha ya lida zielekeane na zipishane kwa sentimita 25 hivi. Usibanie uzi hapa, kwani ncha fupi ndiyo inayofanya vidole vigongane. Chukua ncha ya mshipi wa kusukwa, uirudishe nyuma ili ifanye kitanzi kilicholala juu ya nyuzi zote mbili. Sasa ipitishe ndani ya kitanzi hicho na kuzunguka nyuzi zote mbili, mara saba au nane. Vuta ncha hadi fundo likae, lakini usilikaze. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya lida kuuzunguka mshipi, ila mara nne zinatosha, na tatu kama lida ni nene sana. Utakuwa na mafundo mawili madogo yanayotazamana. Lowesha, kisha shika mshipi mkono huu na lida mkono ule, uvute. Mafundo yatateleza yakutane. Yakishagusana, vuta kila ncha peke yake, halafu vuta tena nyuzi kuu. Kata mikia, ukibakiza milimita mbili tatu.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye kitanzi: wakianza kuzungusha, kinawaponyoka. Dawa yake ni kidole gumba na cha shahada cha mkono usiotumika sana. Vibane pale nyuzi tatu zinapokutana, na visiachie mpaka mzunguko wa mwisho. Mkono mwingine ndio ufanye kazi. Mtu akijaribu kubana na kuzungusha kwa mikono yote miwili kwa zamu, ndipo vurugu inapoanza.

Kwenye chombo kinachoyumba, au gizani, fundo la daktari ni la haraka zaidi. Laza nyuzi pamoja, fanya kitanzi kimoja kwa zote mbili, pitisha ncha ya mshipi pamoja na lida nzima ndani yake mara tatu, lowesha, vuta nyuzi zote nne kwa mpigo. Basi. Kasoro yake ni kwamba lida yote lazima ipite kwenye kitanzi, hivyo halifai kwa lida ndefu, na fundo lenyewe hutoka nene. Fundo la Albright, lenye jina la Jimmie Albright aliyekuwa akiwaongoza wavuvi huko Florida, hufaa lida ikiwa nene kupita kiasi: lida ndiyo inayokunjwa kitanzi, mshipi unaizunguka mara kumi na kutokea upande ule ule ulioingilia. Ukisahau hilo la mwisho, fundo zima halishiki.

Kisha kuna fundo liitwalo FG, ambalo watu huliogopa bila sababu. Hapa lida haipindwi kabisa. Mshipi wa kusukwa unawambwa, halafu lida inapitishwa juu yake na chini yake kwa kupokezana, kama msusi anavyopokezana mafungu ya nywele, mara 20 hivi. Ukivuta, msuko hujibana kwenye lida, na ukizidi kuvuta unazidi kubana. Hufungwa kwa nusu-fundo moja (ncha huzungushwa mara moja na kupitishwa ndani ya kitanzi chake) kuzunguka nyuzi zote mbili, kisha unavuta kwa nguvu hadi msuko ubadilike rangi, uwe mweusi zaidi na wenye kung'aa. Rangi isipobadilika, bado halijakaza. Ndipo unakata mkia wa lida karibu kabisa na kumalizia na nusu-fundo nne au tano kwenye mshipi wenyewe. Kwa kuwa ni jembamba, hupita kwenye pete za rodi bila kugonga, na mtu anayerusha mbali ataiona faida yake siku ile ile.

Ugumu wote wa FG ni kuuweka mshipi uwe umewambwa wakati mikono ina kazi. Wengi hung'ata uzi kwa meno. Sipendi, huharibu uzi na meno. Funga ncha ya mshipi kwenye kitu imara kama kitasa cha mlango, weka rodi mapajani, zungusha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) mpaka ncha ya rodi ipinde kidogo. Rodi yenyewe sasa ndiyo mkono wako wa tatu.

Ukitaka kujifunza haraka, usianze na uzi wa kuvulia. Chukua kamba mbili nene za rangi tofauti, hata kamba za viatu, ufunge kila fundo mara kumi mezani. Ukiona njia ya kila rangi ndani ya fundo, vidole vitakumbuka hata ukirudi kwenye uzi mwembamba.

Fundo lililokwisha lijaribu kabla ya kuliamini. Usizungushe mshipi wa kusukwa kwenye kidole kitupu, unakata nyama. Vaa glavu au uzungushie kipande cha mti. Vuta kwa nguvu inayopanda taratibu, si kwa kushtua. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza, bora zaidi: utaujua uzito halisi. Tuseme mshipi una alama ya kilo 10 na fundo linaachia kwenye 8, basi wewe una mshipi wa kilo 8, na breki ya rili, inayoamua mshipi uanze kuachia kwa mvuto gani, ipangwe kwa hesabu hiyo.

Baada ya samaki mkubwa, au baada ya kunasa mwambani, pitisha kiungo kati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, kata ufunge upya. Vikatwa vyote vitie kwenye chupa yenye kifuniko. Uzi wa nailoni hukaa majini miaka mingi bila kuoza, na mguu wa ndege haujui kufungua fundo, liwe zuri au baya.