Mjamzito aliyelowa ziwani: joto kwanza

Mkoani Kigoma tunaogopa malaria, tunaogopa mawimbi, ila baridi hatuihesabu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni vuguvugu, nyuzi 25 hivi, nani afe kwa baridi humo? Lakini mwili wa binadamu unaishi kwenye nyuzi 37, na maji hunyonya joto lake haraka kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Mjamzito aliyekaa majini baada ya mtumbwi kupinduka, au aliyesafiri usiku kwa boti kutoka Kalya au Kagunga akiwa amelowa chepechepe huku upepo ukimpiga, joto lake linaweza kushuka chini ya nyuzi 35. Hiyo ndiyo haipothemia. Kule juu Manyovu hata ziwa halihitajiki: mvua na usiku wa baridi vinatosha.

Mwanzoni atatetemeka na meno kugongana. Huyo mwili wake bado unajitetea. Ninayemhofia mimi ni yule aliyeacha kutetemeka ilhali ngozi bado ni ya baridi: maneno yanavutika, anajibu visivyo, anasinzia. Wenzake husema amechoka, mwacheni alale. Jamani, msimwache.

Mtoeni kwenye upepo. Vueni khanga na kila nguo iliyolowa; iliyogandamana mwilini ikatwe kwa mkasi kuliko kumvutavuta. Mkausheni kwa kumgusagusa na kitambaa, bila kusugua mikono wala miguu. Mfunikeni kwa blanketi kavu, kichwa na shingo pia, kisha turubai juu yake. Wekeni kitu kikavu na chini, kwa sababu mbao za boti na mchanga navyo hunyonya joto. Alale ubavu wa kushoto: mimba ikishafika kama miezi mitano, akilala chali tumbo hukandamiza mishipa mikubwa, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Asitembezwe, abebwe taratibu, maana moyo uliopoa huweza kuvuruga mapigo ghafla kwa mtikisiko tu.

Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni chai ya vuguvugu yenye sukari nyingi. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa kitambaa na kuwekwa kwapani na kifuani. Pombe hapana kabisa. Humfanya ahisi joto wakati joto lenyewe linatoka mwilini kupitia ngozi.

Kuhusu jiko la mkaa nasema kwa msisitizo. Tumezoea kuliingiza chumbani na kufunga mlango ili mzazi apate joto. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na damu ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania hata kuliko ya mama yake. Mama anaweza kulalamika kichwa tu huku mtoto akiwa hatarini. Chemshieni maji nje, yaleteni ndani.

Wakati hayo yanafanyika, mmoja wenu apige 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Hata akionekana ameshapata nafuu, afike kituoni.

Kwa wenzangu wa zahanati: vipimajoto vingi vya kawaida huanzia nyuzi 35, hivyo kikigoma kupanda usiandike 35. Mshike mgonjwa kifuani na tumboni. Kukiwa baridi, mhudumie kama mwenye haipothemia. Pimeni sukari. Dripu ipashwe joto. Mkumbuke kwamba maambukizi makali kwenye damu nayo hushusha joto, hata kwa mama ambaye hakulowa.

Mapigo ya moyo wa mtoto yakiwa ya chini, mara nyingi yanafuata ubaridi wa mama na hupanda kadiri anavyopata joto. Kwa hiyo msikimbilie upasuaji kwa sababu hiyo peke yake. Kama anatoka damu au tumbo ni gumu, hilo ni jambo jingine, na lina haraka zaidi kwa sababu damu iliyopoa haigandi vizuri.

Akikosa fahamu, tafuteni mapigo kwa dakika nzima. Yanaweza kuwa hafifu mno. Yasipokuwepo, alazwe chali, mmoja akandamize kifua na mwingine asukume tumbo kuelekea kushoto kwa mikono. Msimtangaze amefariki akiwa bado wa baridi. Wapo waliorudi baada ya kupashwa joto.