Msaliti kwa sheria ipi?

Mwaka 2022 mama mmoja alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu, akaitikia shikamoo yangu, akaketi, akaweka mezani bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja cha Goba, Dar es Salaam, yenye jina la mwanawe. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta. Kijana alikuwa Minnesota kwa miaka 16, na baada ya wiki tatu alitakiwa kwenda kula kiapo cha uraia wa Marekani. "Nasikia akishaapa kiwanja si chake tena," akasema. Nikaanza kumweleza, akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa na swali jingine, na nadhani hilo ndilo lililompandisha ngazi. Wenzake wa jumuiya wanasema mwanawe ameikana nchi. "Wewe ni mtu wa sheria, mwanangu. Nimezaa msaliti?"

La kiwanja nililimaliza kwa dakika kumi. Hilo la pili nililijibu vibaya. Nilicheka, nikasema hapana, mama, hakuna kosa kama hilo. Kisheria nilikuwa sahihi, ila niliona wazi kwamba sikumsaidia kitu. Hapa najaribu kuandika nilichopaswa kumwambia.

Nianze na vitabu, maana ndiyo kazi yangu. Mambo ya uraia na uhamiaji yamenilisha miaka mingi. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya Tanzania, iliyoingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984, inampa raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Haidai awe na sababu nzuri, wala haimpangii siku ya kurudi. Ukifungua ibara ya 28 unakutana na uhaini, unaoitwa kosa la juu kabisa dhidi ya Jamhuri ya Muungano, na maana yake imeachiwa sheria. Sheria yenyewe ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 39: kumuua Rais au kujaribu kumuua, kuipiga vita Jamhuri, na mambo ya uzito huo. Adhabu yake ni kifo. Hakuna mstari unaomgusa mtu aliyekwenda Leicester, Uingereza, kuogesha wazee wa watu.

Kwa hiyo mhaini ni mtu anayejulikana kwa kifungu na kwa ushahidi. Msaliti ni neno la barazani, yeyote anaweza kulirusha na halina mahakama ya rufani.

Fikra kwamba kuondoka ni kuvunja utii ina asili yake, na asili hiyo haiko kwetu. Mwaka 1608 majaji wa Uingereza waliamua shauri la mtoto wa Kiskoti, Robert Calvin, wakasema kwamba anayezaliwa chini ya ulinzi wa mfalme anadaiwa utii na mfalme, na utii huo hauvuliki kama kanzu. Ungeweza kuvuka bahari, ukaoa huko, ukazeeka huko, bado ulikuwa mtu wa mfalme. Halikuwa jambo la nadharia tu. Manowari za Uingereza zilisimamisha meli za Marekani na kuwatoa mabaharia kwa nguvu, kwa hoja kwamba aliyezaliwa Mwingereza habadiliki, na jambo hilo lilichangia vita vya mwaka 1812. Mwaka 1868 Bunge la Marekani likatunga sheria kwamba kuuacha uraia wa kuzaliwa ni haki ya asili ya kila mtu. Mwaka 1870 Uingereza nayo ikasalimu amri na kuwaruhusu watu wake kuvua utii. Wenye fikra yao waliitupa zamani hizo, nasi tungali tunaiokota na kuiita uzalendo wa Kiafrika.

Waliojaribu kuifanya sheria kamili katika karne ya 20 wanajulikana. Kanuni ya adhabu ya Urusi ya Kisovieti iliweka kukimbilia nje, au kukataa kurudi, ndani ya kosa la kuisaliti nchi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na neno lake maalumu la kuitoroka jamhuri, na Agosti 1961 ikajenga ukuta katikati ya Berlin. Siongezi neno.

Kwetu Afrika mambo yana utata zaidi, na hapa sitaki kupita haraka. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unasema katika ibara ya 12 kwamba kila mtu ana haki ya kutoka nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na kurudi kwake. Vizuri. Lakini fungua ibara ya 29 ya mkataba huohuo: mtu ana wajibu wa kuitumikia jamii ya taifa lake kwa kuweka nguvu na akili zake katika utumishi wake. Walioandika hawakuona mgongano. Nimewahi kubishana na mwanasheria mwenzangu mpaka chai ikapoa, yeye akishikilia 29, mimi 12. Siku hizi naona tulikuwa tukibishania jambo ambalo tayari lilikuwa na mfano wake wa Kitanzania.

Mfano huo ni wa Mwalimu. Mwaka 1964, akizungumzia waliobahatika kupata elimu, Nyerere alitumia mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki, wanampa mtu mmoja, apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena. Akila chakula kile kisha asiwaletee ndugu zake msaada, mtu huyo ni msaliti. Mwalimu alitumia neno hilo hasa.

Kila anayetaka kumlaani mwanadiaspora hunitajia mfano huu. Nami humwomba ausome tena polepole. Yule mtu ametumwa aondoke! Kijiji ndicho kilichomfungia safari. Kama angebaki amejaa shibe katikati ya wenye njaa, akiwaimbia nyimbo za kukipenda kijiji, tungemwitaje? Usaliti katika mfano ule ni shehena isiyofika. Kuvuka mpaka si hoja. Tena, kwa mizani hiyohiyo, kuna watu wazito ambao hawajawahi kuhama Dodoma na Dar es Salaam, chakula cha kijiji wamekila, na shehena hatujaiona. Hao hakuna anayewauliza kuhusu utii.

Ila mfano ule unauma pande zote, nami sitaupaka asali. Unasema wazi kwamba aliyeondoka anadaiwa.

Dada yangu ni muuguzi. Ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita kwa mshahara wa hospitali ya wilaya. Aliondoka mwaka 2009. Baba alipofariki mwaka 2014 hakuja, kwa kuwa makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika na angetoka asingeweza kuingia tena. Alituma fedha za jeneza, za maturubai, za chakula cha siku zote za msiba. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, binamu yetu ameishika juu karibu na kaburi, tunasikia udongo na yeye anasikia udongo. Usiku ule nilimpigia nikamwita msaliti. Mimi, wakili, ninayekijua kifungu cha 39 kwa moyo.

Nimejiuliza mara nyingi nilimaanisha nini. Taifa halikuwa akilini mwangu hata kidogo. Nilikuwa namdai bega. Nikaja kuelewa kwamba wengi wanaotamka neno hilo wanafanya kama nilivyofanya: wanadai kitu cha nyumbani kabisa kwa jina la bendera. Wanaodai kwa haki zaidi ni wenzake dada yangu wa wodini, waliobaki wawili kwenye zamu ya usiku iliyotakiwa watu watano. Madhara hayo ni ya kweli, na salamu za Western Union haziyafuti.

Wakati huohuo Tanzania kuna wauguzi na matabibu waliohitimu wanaosubiri ajira huku wakiuza vitenge na kuendesha bodaboda. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 serikali yake ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko, na mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Serikali ikishakukatia tiketi kwa mkono wa kulia haiwezi kukunyooshea kidole kwa mkono wa kushoto. Kama ni mkopo wa elimu, ulipwe, na Bodi ya Mikopo ikufuate hata uliko, naunga mkono. Lakini deni lina kiasi, likilipwa linaisha na mdaiwa anapewa stakabadhi. Usaliti hauna stakabadhi, na ndiyo maana watu wanaupenda: unaweza kuudai milele.

Kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe hulikwepa, nalo ni kujilipua. Vijana wetu wa miaka ile walitua London wakajitangaza Warundi au Wasomali waliokimbia vita, wakapewa hifadhi. Nimewahi kuwahudumia wachache. Wanabaki na majina mawili, na kurudi kwa jina lao la kweli kunakuwa mtihani. Hapo ndipo ninapopata uchungu, kwa sababu wamesimama kwenye foleni ya mtu aliyekimbia kweli. Hata hivyo nasita kuuita usaliti wa Tanzania. Waliyemkosea ni yule Mrundi.

Sasa turudi kwenye kiapo, maana hapo ndipo mama yule alipoumia. Tuseme ukumbini Minnesota wamekaa watu watatu kwenye mstari mmoja wa viti, wote wanaongea Kiswahili: Mtanzania, Mkenya wa Kisumu, Mkongo wa Bukavu. Wanainua mikono pamoja na kutamka maneno yaleyale, kwamba wanaukana kabisa utii kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni waliyokuwa raia wake. Wanapiga picha na vibendera. Mkenya anatoka mlangoni bado ni Mkenya, kwa kuwa Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Akitaka cheo kikubwa serikalini ndipo mambo yatabadilika. Mtanzania ameupoteza palepale, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995. Mkongo naye vivyo hivyo, maana Katiba ya nchi yake ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine.

Mioyo yao haikutofautiana dakika ile. Kilichowatenganisha ni karatasi zilizoandikwa Nairobi, Dodoma na Kinshasa. Tena Marekani haikumnyang'anya Mtanzania chochote. Haifuatilii pasi yake ya zamani iko kabati gani. Anayesema "wewe si wetu tena" ni sisi. Tunamtoa, kisha tunamlaumu kwa kutoka.

Najua hoja ya upande wa pili: huwezi kula viapo viwili, siku ya vita utasimama wapi? Si hoja ya kipuuzi, na kwa jenerali au waziri ningeikubali, kama Kenya ilivyofanya kwa maafisa wa dola. Kwa mbeba maboksi wa Houston anayejenga nyumba Goba, naona ni kuogopa kivuli cha mnazi. Badala ya uraia pacha Serikali ilikuja na wazo la hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, kuwalegezea mambo kama ardhi na ukaazi. Ni afadhali kuliko bure. Uraia haimrudishii.

Wapo pia wanaonipiga na methali, mkataa kwao ni mtumwa. Sawa, ila "kwao" ni wapi? Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 familia nyingi za Unguja zilitawanyika. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970 aliwaita Waomani walio nje warudi, na wengi walioitika walizaliwa visiwani, wakaingia Muscat wakiongea Kiswahili kuliko Kiarabu. Walikuwa wanaondoka kwao au wanarudi kwao? Nimewauliza wazee wawili wa familia moja, mtu na nduguye. Kila mmoja alinipa jibu lake, na hawajaacha kupikiana pilau.

Mwana wa mama yule aliapa. Kabla ya kiapo tulihamishia kiwanja kwenye jina la mama, maana wakati huo Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kumstiri mama haikuhesabiwa humo. Desemba alikuja kumalizia paa. Pale uwanja wa ndege alipanga foleni ya wageni, akalipa dola 100 za viza, akagongewa muhuri wa kuingia nchi aliyozaliwa. Siku chache baadaye mama alipanda tena ngazi zangu, safari hii na karatasi moja tu. Ilikuwa risiti ya viza. Alitaka kujua, kwa kuwa mtoto ni wake na amekuja kumjengea yeye, hizo dola zinadaiwa wapi.