Taa Ikiwaka, Nani Athibitishe?

Kazi yangu ni vyombo vya kupimia kwenye mtambo wa umeme: geji za presha, sensa za joto, swichi zinazosema mlango umefungwa au uko wazi. Kuna siku taa moja ya hitilafu iligoma kuzima. Tulikagua mlango, ukawa umefunga barabara, swichi ndiyo mbovu. Mwenzangu akaibandika selotepu, mtambo ukawashwa. Tangu hapo nikisoma habari za safari za binadamu angani natafuta kitu kimoja tu: taa iliwaka wapi, na nani aliiamini.

Naanzia Tunguu, Unguja. Kabla ya setilaiti za mawasiliano kuenea, Wamarekani waliutandaza mradi wao wa Mercury, wa kurusha binadamu angani, kwa vituo vya redio vilivyoizunguka dunia, na kimoja kilikuwa pale. Chombo kikishapita Kano, Nigeria, kinapokelewa Zanzibar, halafu kinaachiwa meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Kituo chenyewe hakikudumu, kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipita juu yetu katika safari ya mizunguko mitatu. Alipokuwa kwenye mzunguko wa pili, ishara namba 51 ikawaambia waongozaji walioko Florida kwamba ngao ya joto imeachia. Bila ngao hiyo, kurudi kwenye hewa ni kuungua mzimamzima. Chris Kraft, aliyekuwa anaongoza safari kutoka ardhini, aliona sensa ndiyo inayodanganya. Lakini uamuzi uliopita ni kwamba furushi la roketi za breki, lililofungwa juu ya ngao kwa mikanda mitatu, lisitupwe, ingawa kwa kawaida hutupwa kabla ya kushuka. Huenda mikanda ikaishikilia ngao. Glenn akashuka huku vipande vya furushi hilo vikiungua na kupita dirishani kwake. Alipotua, ngao ilikuwa mahali pake. Swichi ilikuwa mbovu.

Kinachoniudhi ni kwamba hawakumwambia. Kituo kimoja baada ya kingine kilimuuliza kimtegomtego: swichi ya mfuko wa kutulia majini, ule unaofunguka ngao ikiachia, umeiweka wapi? Umesikia chochote kikigonga? Mtu mzima huyo, rubani wa vita, akajumlisha mwenyewe. Baadaye alisema wazi kwamba rubani anatakiwa kuambiwa.

Warusi nao walikuwa na taa yao. Juni 1971 wanaanga watatu wa chombo cha Soyuz 11 walijiandaa kuondoka kwenye kituo cha angani cha Salyut 1 baada ya siku zaidi ya 20. Taa ya mlango ikasema uko wazi. Wakafungua, wakafunga, bado inawaka. Kutoka ardhini wakaelekezwa waibandike sensa plasta, kisha wapime presha. Presha haikushuka: mlango ulikuwa umefunga kweli. Wakaondoka. Sehemu za chombo zilipoachana ili washuke, vali ya kuingiza hewa, iliyotakiwa kufunguka karibu na ardhi, ikafunguka kwenye kimo cha kilomita 168. Dobrovolsky, Volkov na Patsayev walikufa ndani ya chombo kilichotua vizuri kabisa. Hawakuwa na suti za presha, maana watu watatu wenye suti wasingeenea mle ndani. Wengi hukitumia kisa hiki kukemea plasta. Mimi siikemei. Waliiziba sensa, halafu wakapima kwa njia nyingine. Kilichowaua hakikuwa na taa, na hawakuwa na kinga ya pili. Baada ya hapo Soyuz ilibeba watu wawili wenye suti hadi 1980.

Challenger, chombo cha Wamarekani, ni kinyume chake: taa ilikuwa kweli, ila ilizoeleka. Viungio vya roketi zake za pembeni vilizibwa kwa oringi, yaani pete za mpira, mbili mbili. Januari 1985, baada ya siku za baridi, oringi zikiwa kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi, gesi ya moto iliipita oringi ya kwanza na kuacha masizi meusi. Chombo kilirudi salama, kwa hiyo masizi yakaandikwa kuwa hatari inayokubalika. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwemo Roger Boisjoly, walishauri kisirushwe chini ya nyuzi hizo 12. NASA, shirika la anga la Marekani, likawadai ushahidi kwamba kitaharibika. Hawakuwa nao. Mabosi wao wakageuza ushauri, na Allan McDonald, mwakilishi wao Florida, alipokataa kutia saini, saini ikaja kwa faksi kutoka kampuni yao kule Utah. Asubuhi ilikuwa nyuzi 2. Sekunde 73 baada ya kuruka, kikasambaratika.

Linganisha na Glenn. Kwake, anayesema "ni salama" ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha, na hakuweza, ndiyo maana furushi likabaki. Kwa Challenger mzigo ulihamia kwa anayesema "ni hatari".

Mzigo ukabaki hukohuko. Januari 2003 kipande cha povu lililofunika tangi la mafuta kiligonga bawa la kushoto la Columbia, chombo cha aina ileile ya Challenger, sekunde 82 hivi baada ya kuruka. Povu lilishadondoka mara nyingi. Wahandisi waliomba picha za bawa, hawakupewa. Safari hii marubani waliambiwa: barua pepe ilimfikia kamanda Rick Husband, ikamweleza kwamba povu limegonga na kwamba hakuna cha kuhofia. Akajibu kwa kushukuru. Tarehe 1 Februari, dakika 16 hivi kabla ya kutua, chombo kilivunjika juu ya Texas.