Akishanyonya: kumcheulisha mtoto mchanga na kumlaza

Mtoto anayenyonya titi si lazima acheue kila anapomaliza. Naanza na hili kwa sababu akina mama wengi hukaa saa nane usiku wakimpigapiga mtoto mgongoni nusu saa nzima, wakisubiri sauti isiyokuja. Hewa hufika tumboni kwa kumezwa. Asipoimeza, hana cha kucheua.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye titi lenyewe. Mtoto aliyeshika vizuri amefungua mdomo wote, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukisikia mlio wa “tk, tk”, ulimi unaachia titi na kulishika tena, na kila ukiachia hewa hupita. Mashavu yanayobonyea ndani yanakuambia jambo lilo hilo. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake, umwachishe, kisha umshikishe upya. Ukimvuta tu, utachubua chuchu.

Hewa huingia pia mtoto anapolia sana kabla ya kunyonya, ndiyo maana nasisitiza apewe titi mara anapoanza kugeuza kichwa akitafuta au kutia mkono mdomoni. Na kuna mama ambaye maziwa yake hutoka kwa kasi: mtoto anapaliwa, anakohoa, anaachia titi nayo yanaruka. Mama huyu aegemee nyuma, mtoto alale kifudifudi juu ya kifua chake, maziwa yapande badala ya kummiminikia kooni. Au aache ule mruko wa kwanza uishie kwenye kitambaa, ndipo amrudishe.

Siku ya kwanza mtoto hupokea takriban mililita 5 hadi 7 kwa mara moja, kiasi cha kijiko cha chai. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni nzito na hutoka polepole, hivyo wengi hawacheui kabisa. Maziwa yakijaa, kuanzia siku ya tatu hivi, ndipo hewa huongezeka.

Wakati mzuri wa kumcheulisha ni anapoachia titi la kwanza, kabla ya kumpa la pili, na tena mwishoni. Usimkatize akiwa anameza vizuri. Atalia, na kilio kitaingiza hewa unayotaka kuitoa. Akijinyonganyonga, akikunja mgongo kwa nyuma au akiachia titi na kulishika mara kwa mara, hapo jaribu.

Mweke begani, kidevu chake juu ya khanga iliyokunjwa, mkono wako mmoja chini ya makalio. Mgongo uwe umenyooka, kwa sababu hewa huelea juu ya maziwa na inahitaji njia iliyo wima. Akikunjamana kama mfuko, tumbo linabanwa na maziwa hutoka pamoja na hewa. Kunja kiganja kidogo, upigepige taratibu katikati ya mgongo, zaidi upande wa kushoto liliko tumbo la chakula, au usugue kuelekea juu. Nguvu haisaidii. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiona begani anaumia, amkalishe mtoto pajani, kiganja kimoja kikishika kifua na vidole vikikamata taya, kamwe si koo, amwinamishe mbele kidogo.

Dakika 5 zinatosha. Asipocheua na ametulia, acha. Utafiti uliofanywa Chandigarh, India, kwa mama 71 na watoto wao, ulionyesha kwamba kucheulisha hakukupunguza watoto kulia kwa tumbo, na waliocheulishwa walitema maziwa zaidi. Sisemi muache, nasema isiwe adhabu, hasa usiku, ambapo mtoto mwenye usingizi hunyonya polepole na kumeza hewa kidogo.

Kutema maziwa kidogo ni kawaida maadamu anaongezeka uzito. Kwikwi nazo hazihitaji dawa.

Kumlaza ndiko kunakowashinda wengi. Mtoto mchanga huanza na usingizi mwepesi: macho yanachezacheza chini ya kope, midomo inanyonya hewa. Ukimlaza hapo, ataamka. Msubiri hadi dakika 20, kisha inua mkono wake uuachie; ukianguka legelege, amezama. Mteremshe ukimweka makalio kwanza, mgongo, kichwa mwisho, kwa maana kichwa kikitangulia anahisi anaanguka na kurusha mikono. Acha kiganja chako kifuani kwake dakika moja hivi kabla ya kukiondoa. Alale chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto, hata kama anatema maziwa. Najua bibi wengi humlaza kifudifudi ili asipaliwe, kwa upendo kabisa, ila kifudifudi huongeza hatari ya mtoto kufa usingizini. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yaliyorudi humezwa tena.

Jioni atataka kunyonya mfululizo na kulia bila sababu inayoonekana. Kilio hiki hupanda hadi wiki ya 6 hivi, kisha hupungua. Mwezi wa tatu au wa nne wengi wameshatulia. Hapa ndipo huletwa dawa za chango na dawa za chupa za kutoa gesi za dukani. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kitu zaidi ya titi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Mbebe ngozi kwa ngozi, tembea naye, mpokezane. Ukihisi hasira inakupanda, mlaze salama chali utoke nje kidogo, usimtikise kamwe.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo akitapika kijani au damu, akitapika kwa kuruka mbali kila anaponyonya, tumbo likiwa gumu na limevimba, akikataa titi, joto likifika nyuzi 37.5 au kushuka chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au baada ya siku ya tano akilowesha nepi chini ya 6 kwa siku. Kama ametapika, beba kitambaa chenyewe bila kukifua: rangi ya matapishi ni jambo la kwanza daktari atakalotaka kuona.